Khabari ya Chumo, na Kijana Aulizaye Ajifunze Kazi Gani

Nimeulizwa suala nikakaa nalo siku nyingi kabla sijashika kalamu. Aliyeniuliza ni kijana wa mtaani kwetu hapa Mombasa. Jina lake sitalitaja, kwani aliyoyasema aliyasema baada ya sala ya isha, tukiwa wawili tu barazani, na maneno ya namna hiyo ni amana. Amenipa ruhusa kuyaandika maadamu hatajulikana. Suala lake lilikuwa hili: "Maalim, kazi niliyoijua imekwisha. Nina miaka thalathini na moja, nina mke na watoto wawili. Nijifunze kazi gani ambayo haitaondoka tena?"

Nilitaka kumjibu upesi, kama tujibuvyo sote tuulizwapo na vijana: soma udaktari, soma kompyuta, nenda Ghuba ukatafute. Kisha nikaona kwamba ningekuwa nasema nisilolijua. Na zaidi ya hayo, nilihisi kwamba ndani ya suala lile mlikuwamo suala jingine ambalo hakulitamka, nalo lilikuwa zito kuliko lile alilolitamka. Halikutoka kinywani mwake ila usiku wa pili.

Kazi yake ilikuwa kuandika. Kwa muda wa miaka minane aliandika insha za watu wasiomjua wala yeye asiowajua: wanafunzi wa vyuo vya Marekani, Uingereza na Australia. Mwanafunzi hupewa na mwalimu wake jambo la kulichungua na kuliandikia kurasa kadha wa kadha. Naye, kwa uvivu au kwa wingi wa shughuli, hutafuta kwa njia ya intaneti mtu wa kumwandikia. Fedha hupita kwa dalali, dalali hukata lake, na lililobaki humfikia mwandishi aliye Mombasa, au Nairobi, au Eldoret. Kisha mwanafunzi huweka jina lake juu ya karatasi ile na kuipeleka kwa mwalimu kana kwamba ni jasho lake. Vijana wa Kenya walioingia katika kazi hii si haba, na wengi wao ni watu waliohitimu vyuo vikuu, wakarudi nyumbani na vyeti vyao, wakakosa pa kuvipeleka.

Njia iliyowafikishia kazi hii ni waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2009 waya wa TEAMS ulitua Mombasa ukitokea Fujairah, na mwaka huo huo ukafika na ule wa SEACOM. Pwani yetu haikuanza hapo kufungwa na dunia kwa waya. Unguja iliunganishwa na Aden kwa waya wa telegramu tangu mwaka 1879. Lakini waya ule wa kale ulipitisha khabari tu, na huu umepitisha kazi yenyewe: mtu hukaa Kisauni, na mwajiri wake yuko ng'ambo ya bahari mbili, na hapana kati yao aliyemwona mwenziwe uso.

Kisha tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya San Francisco ikaitoa ChatGPT, nayo ni mashine iandikayo. Huiambia kwa maneno ya kawaida utakalo, ikakuandikia insha nzima kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Mwanafunzi aliyekuwa akilipa kwa kila ukurasa akaona kwamba aweza kuipata insha yake bila ya malipo na bila ya dalali. Kijana wetu asema kazi haikukatika siku moja. Ilipungua kama maji yapwayo: huyaoni yakienda, hata utazamapo waona chombo kimelala mchangani.

Basi hiyo ndiyo khabari yake. Na mimi nilipokwisha kuisikia, jambo la kwanza nililolikumbuka ni babu yake, niliyemdiriki utotoni mwangu akiwa mzee, bega lake moja likiwa chini kuliko la pili.

Babu yake alikuwa kibarua wa Kilindini. Vijana wa leo walitamka neno hili bila ya kulifikiri. Asili yake ni barua ndogo, yaani kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kazi ya siku kuwa ni shahidi wa siku ile aliyoifanya. Alibeba magunia. Meli ilipofunga gatini ilihitaji mabega ya watu wengi, na mabega yale ndiyo yaliyokuwa nguvu yao. Mwezi wa Januari mwaka 1947 vibarua na watu wa kazi wengine walipokataa kufanya kazi, mji mzima wa Mombasa ulisimama kwa karibu wiki mbili, hata serikali ya wakati ule ikaunda baraza la kuamua, na mishahara ikaongezwa. Yule mzee alikuwa akiitaja siku ile kama watu wengine watajavyo harusi yao.

Walakini, miaka tisa tu baada ya mgomo ule, mbali kabisa na Kilindini, lilitokea jambo ambalo hapana kibarua aliyelisikia. Tarehe 26 Aprili 1956 meli moja iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, huko Marekani, imebeba masanduku 58 ya chuma juu yake. Mwenye fikira hiyo, Malcom McLean, hakuwa baharia. Alikuwa mwenye malori, naye alichoka kuona lori likingoja siku nzima hali watu wakishusha mzigo kipande kipande. Akasema na libebwe sanduku zima. Ilipohesabiwa, gharama ya kupakia tani moja kwa mikono ilikuwa karibu dola 6 za Kimarekani, na kwa masanduku yale ilikuwa senti 16 hivi. Hesabu hii haikuhitaji mtu wa kuitetea. Bandari za kale zilizo ndani ya mji wa London, zilizokuwa zikilisha maelfu ya nyumba, zilianza kufungwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na za mwisho zikafungwa mwaka 1981. Kwetu makontena yalichelewa kidogo, kisha yakaja, na baba wa kijana huyu ndiye aliyeyapokea. Yeye alibahatika: alifunzwa kuendesha mashine ya kuyanyanyulia. Wenziwe wengi aliokuwa akishika nao kulabu hawakufunzwa.

Wala si bandarini tu. Pwani hii imelijua jambo hili tangu zamani kwa njia ya nguo. Ibn Batuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliukuta mji ufumao nguo zilizopelekwa hata Misri. Miaka mia tano baadaye, mwaka 1833, Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba na Marekani, na merikebu za Salem zikawa zikishusha Unguja majora ya nguo ya pamba iliyofumwa kwa mashine, nayo ikaenea bara na pwani hata ikaitwa kwa jina la watu wake, merikani. Mfumaji wa mkono angefanyaje? Walakini wafumaji wa Benadiri hawakwisha wote; waliosalia walisalia kwa zile nguo ambazo watu walizitaka kwa rangi zake na mistari yake, na hawakukubali badala yake. Na tazama upande wa pili: wale waliotajirika kwa merikani nao hawakudumu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 pamba ilikatika, na nguo za Uingereza, kisha za Bombay, zikakaa mahali pake. Aliyemshinda mfumaji kwa bei alishindwa na mwingine kwa bei vile vile.

Hapa pana neno nililomwambia kijana, na nililisema kwa upole kwa sababu ni chungu. Kazi yake haikuja Mombasa kwa sababu Marekani hakuna wajuao kuandika. Ilikuja kwa sababu yeye alikuwa rahisi. Na aitwaye kwa urahisi wake huachwa siku ipatikanapo kilicho rahisi zaidi. Alinijibu: "Maalim, nami nilijua. Lakini ulitaka niikatae riziki kwa kuwa itakwisha? Riziki gani isiyokwisha?" Nikaona amesema kweli, nikanyamaza.

Wako watu katika sisi ambao kwao suala hili lote ni upuuzi. Husema riziki imekwisha andikwa, na mwenye kupangapanga kazi ya kesho ana upungufu wa kutegemea. Sitakaa nao sana. Ndege hulala bila ya akiba, lakini asubuhi hutoka. Hatujamwona akingojea punje ndani ya kiota. Walio wengi wasemao maneno haya huyasema juu ya riziki ya mtoto wa jirani, na mtoto wao wamekwisha mtafutia chuo.

Jambo linalonishughulisha ni jingine, nalo ni lile alilolitaja Ibn Khaldun katika Muqaddima, aliyoimaliza mwaka 1377. Nalieleza kwa maana yake, si kwa matamko yake: kwamba mtu aliyekwisha pata malaka ya kazi moja, yaani ile desturi ya mkono na akili iliyokita ndani ya nafsi, ni nadra baadaye kuipata malaka ya kazi nyingine kwa ukamilifu. Mfano wake ni mshoni: akiisha kuwa hodari wa sindano hawi tena hodari wa useremala wala uashi, illa ikiwa ile kazi ya kwanza haijakita. Kila niyakumbukapo maneno haya huhuzunika, kwani wenye kutoa mashauri leo husema kinyume chake kwa wepesi mno. Humwambia mtu wa miaka arubaini na tano aliyeshika kazi moja tangu ujana wake, "jifunze upya," kama aambiwavyo mtoto abadili shati. Hawamwambii kwamba kujifunza upya ni kurudi kuwa mjinga mbele ya wadogo zako, na mke wako akijua, na wanao wakijua. Shauri hilo huenda likawa ni la haki, lakini lina bei yake, na mwenye kulitoa hailipi yeye.

Na katika kitabu cha Ihya, Ghazali amehesabu katika fardhi za kutosheleza, ambazo mji mzima huandikiwa dhambi zikikosa mtu wa kuzisimamia, si elimu ya dini peke yake, bali utabibu na hesabu, na ukulima, na ufumaji, na ushoni. Akalalamika kwamba mji waweza kukosa tabibu katika Waislamu hali watu wamesongamana katika fikihi na mabishano yake. Laiti angeiona Mombasa ya leo! Vijana wetu mia wana vyeti vya biashara, na mfereji wa msikiti ukipasuka twamngoja fundi siku tatu. Nasema haya nikijua kwamba lawama si yao. Sisi wazee ndio tuliowaambia kwamba kazi ya mkono ni ya aliyeshindwa na masomo. Tuliwaambia hivyo wengi wetu tukiwa tumelelewa kwa chumo la bega na kulabu.

Basi laiti jawabu lingekuwa jepesi hivyo, yaani acheni kalamu mshike nyundo, ningelimaliza hapa. Lakini si jepesi. Bega la babu yake lilikuwa la mkono na jasho, na sanduku la chuma likaliondoa. Hapana aina ya kazi iliyoandikiwa amani. Tena yule mzee hakumdanganya mtu hata siku moja, na uaminifu wake haukumzuilia kontena. Nalitaja hili kwa sababu wako wahubiri wawaambiao vijana kwamba mwenye kazi ya halali hapatwi na msiba wa kazi. Maneno haya si ya kweli, na siku msiba umfikapo mtu mwema humfanya ajidhanie kuwa ana dhambi iliyofichika.

Sasa nije kwenye lile suala la pili.

Usiku wa pili kijana alikuja tena, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Maalim, katika insha zile, zilizo nyingi zilikuwa za uuguzi. Niliandika juu ya vidonda vya wagonjwa walalao muda mrefu, na kipimo cha dawa kwa watoto, na namna ya kumtazama mtu aliyetoka katika upasuaji. Mimi si muuguzi. Nilisoma vitabu nikaandika, nao wakapata alama nzuri. Sasa wale wanafunzi wamekwisha hitimu. Wako mahospitalini. Je, yuko mgonjwa mahali fulani?"

Msomaji, hili ndilo suala lililonikalisha siku nyingi.

Kabla ya hapo alikuwa amenipa nyudhuru zake, na sitaki kuzidharau. Alisema yeye aliuza maneno tu, na atakalolifanya mnunuzi ni juu ya mnunuzi, kama auzavyo mtu kisu. Alisema alikuwa na watoto, na milango mingine ilifungwa. Alisema vyuo vile ni vya matajiri, na wale wanafunzi walikuwa wakimlipa yeye kwa ukurasa mmoja chini ya bei ya chakula chao cha mchana, basi nani amdhulumuye mwenziwe? Katika hizi, ya pili ndiyo yenye uzito mbele yangu. Mtu mwenye njaa hahukumiwi sawa na aliyeshiba, na mimi sikupata kukaa miaka miwili na cheti mkononi nikibisha milango. Ya kwanza haisimami: auzaye kisu hajui kitakata nini, lakini yeye alijua karatasi ile itakwenda wapi na itasema nini. Wala si sawa na karani wa zamani aliyekaa nje ya mahakama akiwaandikia watu barua, kwani kila aisomaye barua ile alijua kuwa imeandikwa na karani. Hata makhatibu wetu wasomao khutba za vitabuni (na tunawajua) hawadai kwamba wanatahiniwa.

Ubaya wake uko katika jina la kitu chenyewe. Sisi Waswahili huiita hati ya chuo shahada, na hatukukosea. Ni ushahidi. Chuo kinasimama mbele ya watu na kusema: twashuhudia kwamba huyu anajua. Mgonjwa hamjui muuguzi wake. Hawezi kumtahini kitandani. Huutegemea ushahidi ule, akanyoosha mkono achomwe sindano. Aliyeiandika insha kwa siri ametia uongo ndani ya ushahidi wa mtu mwingine, na atakayepatwa na uongo huo si mwanafunzi, wala chuo, wala dalali. Ni mtu wa nne, ambaye hakuhudhuria biashara ile wala hakula chochote katika fedha yake.

Serikali za wenzetu zimeliona jambo hili. Australia ilitunga sheria ya kukataza biashara hii mwaka 2020, na Uingereza ikaikataza kwa upande wa England mwaka 2022. Sheria hizo humshika mwenye kuuza na mwenye kuitangaza; anunuaye huachiwa chuo chake kimfanye kitakavyo. Nijuavyo mimi mizani hii imelalia upande mmoja, na upande ule ndiko aliko maskini. Lakini kulalia kwa mizani hakumfanyi aliyeshikwa kuwa hana kosa.

Nilimjibu hivi: kwamba sijui kama yuko mgonjwa, naye hatajua kamwe, na kutojua huko ndiyo sehemu yake ya adhabu, basi asijiongezee nyingine ya kubuni. Wengi katika wanafunzi wale yumkini walijifunza kazi kwa mikono yao mahospitalini, mbele ya wakubwa wao. Toba yake ni kuacha, na kuazimia asirejee, na kuufanyia kheri upande ule ule alioudhuru. Hili la tatu alilishika, akaniuliza vipi. Nikamwambia alifikiri.

Kisha nikamwonyesha jambo ambalo, kwa maoni yangu, limeyafunga masuala yake mawili kuwa moja. Miaka minane aliandika insha zaidi ya elfu. Alipata malaka ambayo Ibn Khaldun angeistahi: kusoma jambo gumu kwa upesi, kulipanga, na kulieleza vizuri kwa lugha ambayo si ya mamake. Malaka ile haikufa siku ile mashine ilipotoka. Lakini atamwonyesha nani? Hana hata karatasi moja yenye jina lake. Mwajiri akimwambia, "Nionyeshe kazi yako," kazi yake yote iko kwa watu wengine, na akiitaja amejishtaki. Babu yake, aliyebeba magunia hajui kusoma, jioni alikuwa na kile kipande cha karatasi kushuhudia kwamba siku ile alikuwapo. Mjukuu, mwenye shahada, hakuwa na kibarua.

Na tofauti nyingine. Mwaka 1947 babu yake alisimama pamoja na watu wa gati lake, awajua kwa majina, na baba zao awajua. Mjukuu alikuwa na wenzake maelfu katika nchi hii hii, kila mmoja peke yake chumbani usiku, akitumia jina la uongo, akimhofia mwenziwe kuwa ni mshindani. Angelimgomea nani? Kwa nani angelidai chochote siku mashine ilipokuja? Huko pwani ya magharibi ya Marekani wachukuzi wa bandarini, chini ya Harry Bridges, walipoona kwamba mashine haina budi kuja, walifanya mapatano na wenye meli mwaka 1960: mashine ziingie, lakini katika faida yake wenye meli watoe dola milioni 5 kila mwaka ziwekwe kwa ajili ya wale wachukuzi, za kustaafu kwao na za kuwahifadhi wasipungukiwe. Wako waliowalaumu kwamba waliiuza kazi ya watoto wao, na lawama hiyo si bure. Lakini waliweza kuuza, kwa sababu walijulikana ni nani na kazi yao ni ipi. Mtu wa siri hana cha kuuza akiachwa.

Hapa yanipasa niseme neno kwa wasiokuwa vijana. Shauri lote hili tukiliweka juu ya bega la kijana peke yake tutakuwa tumemdhulumu. Wako miongoni mwetu wafanyao biashara, ambao mashine hizi zimewapunguzia makarani na kuwaongezea faida. Wamehesabu faida, je, wamemhesabu karani? Na yako mawakfu katika mji huu, nyumba na maduka, yaliyowekwa na watu waliotaka kheri iendelee baada yao. Sijui kwa nini kodi ya duka la wakfu iweze kununua zulia la tatu juu ya zulia la pili, isiweze kumlipia mtu wa miaka thalathini chakula cha nyumbani kwake kwa mwaka mmoja anapojifunza kazi mpya. Huo mwaka mmoja ndio aliokosa Ibn Khaldun kuutaja: pengine ugumu wa malaka ya pili si kwa sababu nafsi imekwisha jaa, ni kwa sababu watoto wanataka kula.

Kijana akarejea kwenye suala lake la kwanza: "Basi Maalim, nijifunze nini?" Nikamwambia kwamba kazi ambayo haitaondoka siijui, wala aliye hai hapana aijuaye, na amwambiaye aijua amtafute ana nini cha kumwuzia. Lakini ziko kazi ambazo mtu akizifanya hujulikana kuwa ni yeye aliyezifanya, na kazi ambazo humla jina lake zikamwacha mtupu. Ajiulize, nilimwambia, siku nikilala mgonjwa nani atakuja kuniuliza mlangoni, na ataniuliza kwa jina gani? Kwa miaka minane jawabu lilikuwa hapana mtu. Hilo ndilo alibadili kwanza. Kama ni kwa kalamu au kwa koleo ni jambo la pili.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Sasa kijana yuko Changamwe katika karakana ya mafundi wa mabarafu na mitambo ya kupozea hewa. Apata kidogo, na amwagizaye chai ni mtoto aliyemzidi kwa miaka kumi na miwili. Asema mkono wake bado mzito, na mara nyingine hutamani kuacha. Sikumpamba kwa maneno mazuri, nilimwambia huenda akaacha kweli. Mashine ya kuandika yaendelea kuwaandikia wanafunzi wale, bila ya ujira na bila ya kulala, na shauri lake wataamua wenye vyuo.

Jioni huja nyumbani kwake wasichana wawili wa mtaani wasomao uuguzi katika chuo cha hapa hapa, awafunze namna ya kuandika insha zao. Mamake huketi nao. Hawalipi kitu. Juzi nilipita pale kumpelekea ujumbe, nikasimama mlangoni kidogo kabla ya kubisha. Mmoja wao alikuwa amekwama katikati ya sentensi juu ya kipimo cha dawa kwa mtoto mchanga, akikata na kuandika tena. Kijana akanyoosha mkono kuishika ile kalamu, kisha akaurudisha, akaukalia.